Platini za Kashani

Juzi fundi alinirudishia plagi nne kuukuu zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, akaniambia kwa upole ule wanaoutumia vijana wakisema na vizee, "Bibi, hizi zilikuwa nzima kabisa. Zingekwenda mwaka mwingine." Nikamwambia najua, ndiyo maana nimezitoa leo. Akamtazama mwanangu, na mwanangu akatazama juu kwenye mabati. Najua nikiwapa kisogo huniita Mama Plagi, na wala sijali.

Ila alipofungua boksi la plagi mpya, harufu ya grisi ikanijia puani, na nyuma yake, pasipo mtu kuwasha chochote, ikaja harufu ya udi na karafuumaiti. Pua yangu haijui kuzitenganisha. Mwingine akinusa grisi hukumbuka gereji. Mimi hukumbuka kasha la bibi yangu, mzaa baba, na ule mwaka niliokuwa na miaka kumi. Miaka imepita mingi, na bado nikiukumbuka nasonya.

Kasha lilikaa chumbani kwake, nyumbani kwetu Mabawa, kubwa kiasi cha mtoto kujificha ndani, na misumari ya shaba iliyopangwa mbele. Kila kitu kipya kilichopata kuingia nyumba ile kilimezwa na kasha lile. Vikombe sita vya maua alivyoletewa mama siku ya harusi yake vilikuwa humo, na sisi tukinywa chai kwenye vikombe vya bati vilivyobanduka rangi, vinavyounguza midomo. Shuka zilizodariziwa zilikuwa humo, na sisi tukilalia viraka. Mlikuwa na sabuni za kunukia zilizokaa mpaka zikapasuka kama udongo wa kiangazi. Nikiuliza, bibi hunijibu kwamba ni vya siku ya siku. Nikiuliza siku ya siku ni lini, huniambia ikifika nitaijua. Wageni wakija na mabegi yao, huwatazama vizuri, akaona si wageni wa kiasi hicho.

"Akiba haiozi," alikuwa akisema, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Nyie mliokulia pwani mnajua ninachokisema. Haikuwa kwetu tu. Lakini kwingine walificha vikombe, basi. Kwetu sisi tulificha gari.

Baba yangu, Bakari, alikuwa dereva wa mzungu mmoja Raskazone. Mzungu aliporudi kwao alimuuzia baba gari lake kwa bei ya kirafiki, gari jeusi, zee tayari wakati huo, lenye viti vya ngozi vilivyochanika na honi ya sauti ya bata. Baba akalifanya gari la kukodi. Alibeba mabibi harusi, wagonjwa, makarani wa mashamba ya mkonge, na siku moja alibeba mbuzi wanne, jambo ambalo mama hakulisahau kwa sababu ya harufu. Tulikuwa tunakula kwa gari lile.

Kabla ya kuondoka, mzungu alimwambia baba kwamba vifaa vya kuwashia moto wa injini havingojwi vife. Vina muda wake, na ukifika unavitoa hata kama vinacheka. Baba akaenda duka la Mhindi akanunua seti nzima: plagi nne, kondensa, waya, na platini, vile vibati viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ndipo cheche ipatikane. Akarudi navyo nyumbani amefurahi. Na badala ya kufungua boneti, akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama yake, akampa aweke kashani.

Miaka mitatu vilikaa humo! Miaka mitatu, kati ya vikombe na shuka, vikifukizwa udi kila Alhamisi.

Na zile kuukuu ndizo zilizofanya kazi. Asubuhi gari lilikohoa kuliko babu wa jirani. Lilipigwa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, mpaka baba akatota jasho, halafu likasukumwa na watoto wote wa mtaani, mimi nikiwa mmoja wao, miguu peku kwenye mchanga. Likigoma kabisa, baba alifungua kile kifuniko cheusi, akachukua kiberiti mfukoni, akazikwaruza platini kwa ubavu wa kiberiti. Zikapata nguvu za siku mbili. Mama alikuwa akisimama mlangoni na mtoto mgongoni, anatazama, hasemi. Halafu anasema. Alisema kila asubuhi kwa miaka mitatu, na sitayarudia yote, ila kiini chake kilikuwa kwamba yeye hajapata kuona watu wanaolala na njaa wamekumbatia chungu cha wali.

Baba alikuwa na jibu moja tu, kwamba hizi bado zinafanya kazi. Bibi humuunga mkono kutoka ndani: kutoa kitu kizima ukatia kingine ni israfu, na Mungu hapendi israfu.

Fundi wetu aliitwa Yeremia, Msambaa wa milimani, Mlutheri aliyetujia kila sikukuu ya Idi kula pilau na kutengeneza chochote kilichoharibika. Idi ile kabla ya mambo ninayotaka kuwasimulia alizitoa platini akaziweka kiganjani, akamwonyesha baba. Zilikuwa zimeungua, zimechimbika katikati. Nilikuwa nimemshikia bakuli la maji ya kunawa, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Bwana Bakari, hizi zimekwisha."

"Zikifa nitatia mpya. Ninazo."

"Najua unazo. Mimi nakuuliza, zitakufia wapi? Maana hakuna kitu kinachofia mlangoni kwa fundi."

Baba akacheka, akamkaribisha pilau. Yeremia akala, lakini alikula akitikisa kichwa.

Sasa nimtaje Bi Tatu, dada mkubwa wa bibi, aliyekuwa akikaa Moa. Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Tangu usichana wao walikuwa na mazoea yao: ikinunuliwa doti ya kanga, inakatwa katikati, kipande hiki cha huyu, kipande hiki cha yule, na hakuna aliyevaa doti nzima peke yake. Watu wa Moa waliwatambua kwa hilo. Wakipita barabarani mmoja asubuhi na mmoja jioni, mtu hudhani ni yule yule.

Halafu wakanuniana. Na kwa nini? Bi Tatu alimwoza binti yake, Mwanaisha, na habari ya harusi akamletea bibi kwa mdomo wa mtoto aliyetumwa sokoni. Hakuja mwenyewe. Bibi akasema yeye haitwi arusini kama anavyoitwa mnunuzi wa samaki, na hakwenda. Bi Tatu akasema mdogo hamnunii mkubwa. Basi, pakawa hapo. Miaka mitatu ikapita, na safari yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja, na gari mlangoni, la mwanawe!

Asubuhi moja mapema, Omari, mume wa Mwanaisha, aliteremka lori la samaki akaja kwetu anahema. Alimwamkia bibi shikamoo, bibi akaitika marahaba bila kumtazama usoni, maana ndiyo ile harusi. Omari akasema Bi Tatu ni mgonjwa sana, hali chakula siku ya nne, na tangu usiku hana neno jingine ila kumtaka mdogo wake.

Sijapata kumwona bibi akisimama upesi namna ile. Hakusema akiba wala israfu. Alijifunga buibui, akanishika mkono kwa sababu hakusafiri bila mtu wa kumshikia mkoba, na saa moja juu ya alama tulikuwa garini: baba, Omari mbele, mimi na bibi nyuma. Watoto wa mtaa wakatusukuma. Ufunguo wa kasha bibi alikuwa nao, umefungwa fundo kwenye pembe ya kanga aliyovaa ndani, kama siku zote.

Tulivuka Amboni. Tukaingia kwenye mashamba ya mkonge, mistari mirefu isiyokwisha, na barabara ya vumbi jekundu. Gari likakohoa. Baba akalibembeleza. Likakohoa tena, likapiga mshindo kwa nyuma uliowarusha kunguru, likaenda kidogo kwa fadhila ya mteremko, likazima.

Baba akateremka na kiberiti. Akakwaruza na kupiga hendeli. Akakwaruza tena. Omari akasukuma, nikasukuma, na bibi ndani akisoma dua kwa sauti. Mwisho baba akamwonyesha Omari kile kibati, na Omari hakuhitaji kuwa fundi: ncha yake moja ilikuwa imemeguka. Sikuelewa ufundi wowote, lakini swali la Fundi Yeremia nililikumbuka neno kwa neno, na nilimwangalia baba kwa hasira ya mtoto ambayo haina adabu. Sasa tulijua zilikotufia.

Likapita lori la singa, zile nyuzi za mkonge, linaloelekea mjini. Baba akalisimamisha. Akaja dirishani, akasema taratibu, "Mama, nipe ufunguo."

Na hapa ndipo ninapokosa la kusema mpaka leo. Bibi alishika lile fundo, akamtazama mwanawe aliyemzaa mwenyewe, akasema kwamba kasha la mwanamke halifunguliwi na mwanamume. Dada yake anakata roho! Lakini ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyolelewa baba, maana hakubisha, alisimama tu juani ameinamisha kichwa. Bibi akafungua fundo, akanivika ufunguo shingoni kwa uzi.

"Nenda nawe, mke mwenzangu," akanambia, maana ndivyo alivyoniita siku zote kwa utani wa bibi na mjukuu. Halafu akanivuta karibu, akanong'ona ili baba asisikie. "Chini kabisa kuna doti haijakatwa. Uje nayo."

Basi nikapakiwa juu ya singa, zinawasha mwili mzima, na baba kando yangu. Bibi akabaki barabarani na Omari, gari lina joto kama tanuri. Lori lilisimama kila mahali. Lilisimama kupimwa, lilisimama dereva anywe uji, lilisimama bila sababu. Tulipofika Mabawa tulikimbia, mimi na mtu mzima, mchana kweupe.

Mama alikuwa akipepeta mchele. Alituona, akauona ufunguo shingoni mwangu, akaelewa yote. Nilitegemea amwage maneno ya miaka mitatu. Alisema tu, "Haya, fungua upesi," na hilo lilimuumiza baba kuliko matusi.

Nilikuwa sijapata kulifungua kasha peke yangu. Mfuniko ulikuwa mzito, mama akanisaidia. Harufu ikanipiga, udi, karafuumaiti na grisi. Viboksi vya baba vilikuwa vimefungwa kwa kitambaa cheupe kilichopambwa kwa lesi, ati platini! Nikamrushia baba aliyekuwa ukumbini amegeuza uso kwa heshima. Kisha nikachimba mpaka chini, nikaipata doti. Ilikuwa nyekundu na nyeusi, pindo zake hazijaguswa, na pale ilipokunjwa pameshapauka mstari mweupe. Maandishi yake sitayataja. Ni yao wawili.

Kurudi tulipata gari la mtu wa shamba upesi kidogo. Baba akafungua boneti, akatia platini, kondensa na plagi zote nne. Mnataka kujua alichukua muda gani? Bibi alikuwa akimenya chungwa alilopewa na Omari, na alikuwa hajalimaliza. Baba akashika hendeli, akazungusha mara moja, na gari likaitika kwa sauti ambayo sikuijua, laini, kama si lile letu. Hakuna aliyefurahi. Sote tulikuwa tunaisikia ile sauti na kuwaza kwamba ingeweza kuwa hivyo miaka mitatu yote.

Tulifika Moa saa nane. Wanaume walikuwa wanarudi makaburini, wana udongo miguuni. Walipoliona gari wakasimama kando ya njia, na mmoja akavua kofia. Bi Tatu alikata roho saa nne na kitu, wakamzika baada ya sala ya adhuhuri. Gari lingekwenda sawa, tungekuwa kitandani kwake tangu saa tatu.

Bibi hakupiga kelele. Aliingia ndani, wanawake wakampisha kwenye mkeka, akakaa alipokuwa akikaa dada yake. Mwanaisha akaja akamwangukia magotini, analia, anasema mama alikuwa akikuulizia, kila mlango ukilia anauliza kama ni wewe. Bibi akanyoosha mkono kwangu. Nikampa doti. Akatafuta mkasi kwa macho, hakuuona, akaikamata katikati kwa meno, akaichana. Kipande kimoja akamfunika Mwanaisha, yule yule wa harusi. Kingine akajifunga mwenyewe.

Tuliporudi Mabawa baada ya siku saba, kasha halikufungwa tena. Chai ya kesho yake tulikunywa kwenye vikombe vya maua, na kimoja nilikivunja kwa woga, bibi akasema okoteni vipande msije mkajikata. Kile kipande cha kanga alikivaa kila siku, jikoni na kisimani, mpaka kikawa cha kushikia sufuria.

Na baba? Baba aligeuka kero nyingine. Kuanzia siku ile hakungoja chochote kife. Kila baada ya miezi michache, plagi nje, platini nje, nzima kabisa. Yeremia mwenyewe akamwomba apunguze. Wenzake wakasema Bakari anabadilisha plagi kuliko kanzu. Ukoo mzima ukaigeuza kuwa msemo: mtu akichelewa arusini, amekuja na platini za Bakari. Na baba hakukasirika. Kinyume chake, yeye ndiye aliyeisimulia zaidi, kila kwenye msiba, kila kwenye harusi, jinsi uzembe wake ulivyomkosesha mama yake buriani. Mimi nilikaa pembeni nimevimba. Nilimwona baba mzembe kwanza, mpumbavu baadaye. Sikumsamehe, na nilimwonyesha.

Bibi alipokwisha kufariki, na mimi nimekuwa mtu mzima mwenye gari langu, siku moja nilimkuta baba anatoa plagi za gari lile zee ambalo hata halikuendeshwa tena. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, kwa nini hukuyafanya haya siku ile yalipotakiwa?

Alifuta mikono kwa kitambaa, pole pole. Akaniambia kwamba ile doti aliinunua yeye, kwa kutumwa na bibi, mwaka ule ule wa ugomvi, haujatimia hata mwezi. Bibi alikuwa ameshasamehe. Baba akamwambia gari liko mlangoni, Mama, twende leo leo mkaikate. Bibi akajibu ngoja, si leo, ipatikane siku nzuri. Mwaka uliofuata baba akamkumbusha. Ngoja, akajibu.

"Gari lilichelewa nusu siku," baba akasema. "Ningemwacha mama yangu aulizwe ile miaka mitatu?"

Ndipo nikakumbuka. Kila mara baba alipoanza hadithi ya platini, palikuwa na mtu ametoka kumuuliza bibi mbona hukwenda Moa siku zote zile. Na kila mara baba akidakia, watu wakacheka au wakamlaumu, na bibi akabaki na kimya chake. Ile kero yote ya kubadilisha vitu vizima ilikuwa ni ushahidi aliokuwa akijitengenezea mwenyewe, ili lawama isije ikahamia kwa bibi. Na mimi niliyemnunia nilikuwa nikimsaidia bila kujua. Nilimwomba radhi, akaniambia nimshikie spana.

Basi juzi fundi aliponirudishia zile plagi nzima, nilizitupa pale pale. Nikamwambia mwanangu awashe gari anipeleke Moa kwa Mwanaisha. Akashtuka, akauliza kama shangazi yangu ni mgonjwa. Nikamjibu hana hata mafua, ndiyo maana tunakwenda leo.